Kigae Kitupu cha Nakiete

Msalimia moshi humzika mwenye moto.

Maneno hayo mjomba wenu aliwarushia jana mbele za watu, na leo mmenijia mbio kuuliza yametoka wapi, kana kwamba mimi ni duka la methali. Haya, karibuni. Ingieni ndani kabisa, msisimame mlangoni kama wageni wa serikali. Nanzia, mjukuu wangu, vuta hilo gunia ukalie. Wewe Sifaeli wa bodaboda, kaa pale ninapokuona vizuri, maana nasikia ni wewe hasa uliyesemwa. Tutamenya maharage haya huku nikisimulia, mikono isilale.

Jambo lenyewe lilitokea huku huku kwetu, milimani Upare, katika kitongoji kilichokuwa upande ule wa bonde, ambako siku hizi kumebaki migomba mitupu. Mimi nilisimuliwa na bibi yangu. Bibi yangu naye, alipokuwa msichana wa kuchota maji, alisimuliwa na Nakiete mwenyewe, mwanamke mtakayemsikia humu ndani. Kwa hiyo msidhani nawaletea habari za sungura na fisi. Ni mambo yaliyomkuta mtu, na mtu huyo aliitwa Kajiru.

Mzee Kajiru alikaa peke yake. Mkewe alikuwa amefariki, na mwana wao wa pekee alishuka tambarare kwenye mashamba ya mkonge, akaoa huko, akazaa huko, akanyamaza huko. Nyumba ya mzee ilikuwa ya nyasi, chini ya njia kubwa ya kitongoji, na kati ya njia na nyumba ulipita mfereji wa maji ya mashamba. Ukumbukeni huo mfereji. Wakati wa kiangazi ulinong'ona tu, lakini masika ulinguruma hata watu wawili waliosimama kando yake wakawa hawasikiani.

Sasa msianze kumhurumia mapema. Watu wana kasumba ya kudhani kila anayekaa peke yake anakaa akilia. Uongo mtupu. Mimi nakaa peke yangu, na kuna siku naona raha ambayo sikuwahi kuiona nyumba ikiwa imejaa. Nalala nikitaka. Nikipika ugali ukaungua, hakuna wa kunikunjia uso. Kajiru naye alikuwa hivyo. Asubuhi aliweka nyayo zake juu ya jiwe la jikoni lililokuwa bado na joto, akakaa hivyo bila kufanya kitu, kwa kuwa hakuna aliyemngoja afanye kitu. Mchana alikaa kizingitini akimenya muwa taratibu, akitafuna na kutema, akiangalia mawingu yanavyopanda kutoka bondeni. Jioni alitia mahindi na maharage chunguni, akakiegesha chungu kando ya moto mdogo, na kande likachemka polepole usiku kucha. Asubuhi aliinama akakiuliza chungu, "Umeiva, au bado unaringa?"

Wanaume wenzake walimcheka, maana mwanamume wa siku hizo kujipikia ilikuwa kioja. Semboja, jirani yake na rafiki yake tangu utotoni, ndiye aliyezidi. "Kajiru siku hizi ameolewa na chungu," alisema kila walipokutana kwenye pombe ya miwa. Kajiru alijibu, "Afadhali chungu, hakinuni." Wakacheka wote wawili, wakanywa.

Na zaidi ya yote alipenda ndizi. Alikata mkungu ungali mbichi, akaupandisha darini juu ya moshi, akaufunika kwa majani mpaka uive. Kila siku alipanda ngazi ya miti, akabonyeza ndizi moja kwa kidole gumba, akashuka. Mkungu mzima ulikuwa wake. Hakuna mtoto wa kuuiba na hakuna mgeni wa kumgawia, na sitawadanganya kwamba jambo hilo lilimsikitisha.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Kajiru hakuwa nacho peke yake, nacho ni moto.

Zamani hizo moto haukuwa wa mfukoni. Moto wako ukizimika usiku, asubuhi ulichukua kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, ukaenda kwa jirani kuomba kaa. Na moto ulikuwa na adabu yake. Haukuombwa kwa kusimama. Ulipiga hodi, ukaingia, ukaketi, ukamwuliza mwenye nyumba ameamkaje, mguu unaouma umelalaje, ameota nini. Ndipo alipokuchagulia kaa zuri akakutilia kigaeni. Aliyechukua moto bila kuketi aliitwa mwizi wa moto, na jina hilo lilimganda mpaka kaburini.

Moto wa Kajiru haukuzimika kamwe. Mkewe aliuleta kwenye kigae kutoka jiko la mama yake siku walipohamia nyumba ile, na tangu siku hiyo ulikuwa ukiwaka. Mkewe alipofariki, Kajiru alienda msituni akatafuta magogo magumu, yale yasiyowaka kwa pupa. Alilaza gogo moja, ncha moja kwenye majivu, nyingine kuelekea mlangoni, na kila siku akalisukuma kidogo. Gogo la namna hiyo lilifuka siku nyingi bila kuguswa, na moshi wake ukapenya kwenye nyasi za paa, mwembamba, asubuhi na jioni.

Basi kila asubuhi mlango wa Kajiru uligongwa. Leo mama fulani, kesho mtoto wa fulani, na mara nyingi Nakiete, mke wa jirani wa juu ya njia, ambaye moto wake ulizimika kila mara kwa sababu alikuwa mvivu wa kuufukia. Nakiete alisema hivyo mwenyewe, sikumsingizia. Aliingia, akaketi kwenye kigoda cha marehemu mke wa mzee, wakazungumza. Akitoka alikuwa na kaa, na mzee amejua habari za kitongoji kizima. Baada ya hapo Kajiru alifunga mlango, akarudi kwenye raha zake. Alikuwa peke yake mchana kutwa bila kuona uzito, kwa sababu asubuhi mtu aliingia.

Halafu vikaja viberiti.

Alivileta mchuuzi mmoja kutoka tambarare, vijiti vidogo ndani ya kisanduku, na kitongoji kizima kikapagawa. Watoto walichapwa kwa kuviwasha ovyo. Hata Semboja, mtu mzima na mvi zake, alikuwa anawasha kimoja barabarani ili watu wamwone. Nani tena atavaa baridi ya alfajiri na kigae mkononi, aende akaketi kwa mzee asikilize habari za mguu? Polepole mlango wa Kajiru ukaacha kugongwa. Hakuna aliyemchukia. Hakuna aliyesema, "Tumwache." Walikuwa tu hawana haja ya kuingia.

Lakini watu wa kwetu si watu wa kumpita mzee kimya, hapana. Walipopita njiani kwenda mashambani walitazama chini, wakaona moshi juu ya paa, wakapaza sauti: "Mzee Kajiru! Umeamkaje? Moshi tumeuona!" Kajiru aliitikia kutoka ndani, "Nimeamka salama!" Mwanzoni walisimama mpaka asikike. Baadaye walipunguza mwendo tu. Baadaye tena hata mwendo hawakupunguza, kwa kuwa moshi ulikuwa umekwisha kuwajibu. Kajiru alibaki na kande lake, muwa wake na ndizi zake. Kigoda cha marehemu kilikaa mahali pake pale pale, na kila asubuhi alikipangusa majivu.

Nanzia, usinitazame hivyo. Bado.

Masika yakaja, tena masika mazito. Mfereji ukajaa ukaanza kunguruma. Asubuhi moja Kajiru alipanda ngazi kwenda kubonyeza ndizi zake, kama desturi. Mti mmoja wa ngazi ulikuwa umeoza kwa unyevu. Ukakatika. Mzee akaanguka chali kati ya kitanda na jiko, na alipojaribu kuinuka akakuta mguu haumtii. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Hakuogopa sana mwanzoni. Alijua watu wangepita. Na kweli, hakukaa sana akasikia sauti ya Semboja juu ya njia: "Kajiru! Umeamkaje, mume wa chungu? Moshi nimeuona!"

Kajiru akapiga ukelele kwa nguvu zake zote. Sauti za juu zilimshukia, lakini ukelele wa mtu aliyelala chali mfereji ukaumeza. Semboja akaenda zake.

Akapita mwingine, akasalimu. Akapita Nakiete na jembe begani, akasalimu kwa sauti nzuri, akauliza na mguu unaendeleaje. Kajiru aliwaitikia wote. Jioni waliporudi kutoka mashambani walimsalimu tena, naye akawaitikia tena. Watoto wangu, mimi nimefikiria mambo mengi ya kutisha katika maisha yangu, lakini sijapata lililozidi hilo: kulala sakafuni mwako, huwezi kusogea, na watu wanaokupenda wanakuuliza hali, na wewe unawajibu, na wanaridhika.

Siku zikapita, ngapi hakuzihesabu. Kando ya kitanda alikuwa na kibuyu cha maji aliyozoea kunywa usiku akiamka na kiu. Alikunywa kidogo kidogo. Chungu cha kande kilikuwa upande wa pili wa jiko, asikifikie. Alikisikia kikichemka, halafu kikakauka, halafu akasikia harufu ya kuungua. Na gogo lilikuwa pale linafuka taratibu bila haraka, kama alivyolichagua mwenyewe.

Ni gogo hilo alilolitazama mpaka akaelewa. Kilichowazuia watu kuingia kilikuwa moshi. Madhali moshi ulitoka, Kajiru alikuwa mzima. Ungekatika asubuhi moja tu, mtu angesimama njiani akasema, "Mbona leo kwa mzee kimya?" Akateremka, akavuka mfereji, akagonga.

Kwa hiyo ilimpasa auzime moto.

Mlivyo wa kizazi cha kiberiti hamwezi kuona uzito wake. Ule ulikuwa moto wa mkewe, aliouleta na kigae akiwa msichana. Tena baridi ya masika huku milimani mnaijua, na mzee hakuwa na joto jingine. Wala hakuwa na cha kuuzimia isipokuwa maji yaliyobaki kibuyuni, ambayo yalikuwa uhai wake. Akiyanywa, angeishi siku mbili tatu zaidi akisikiliza salamu. Akiyamwaga, pengine mtu angekuja.

Alikaa na shauri hilo siku nzima. Kisha akajivuta kwa viwiko, kidogo, akipumzika, akilia kwa maumivu, mpaka akafika jikoni. Akamwomba mkewe radhi. Akamimina maji yote kwenye ncha ya gogo na kwenye makaa, na yalipokwisha akafukia kwa majivu kwa mikono yake mpaka hapakuwa na jicho jekundu hata moja.

Moto unapozimwa kwa maji unafanya nini? Sifaeli, sema wewe. Ehe. Unafuka. Lilitoka wingu la moshi na mvuke, likajaa nyumba, likapenya paa lote, zito na jeupe. Semboja alikuwa njiani wakati ule ule. Alisimama, safari hii alisimama kweli. Akacheka akaita, "Kajiru! Leo unapika kande la harusi nini? Tubakizie!" Akaenda zake anacheka.

Kajiru hakulia. Alijiambia, kesho. Kesho moshi hautakuwapo.

Na kesho yake moshi haukuwapo. Lakini ulishuka ukungu.

Mnaujua ukungu wa kwetu, unavyolala juu ya mapaa ya nyasi, unavyojinyonga na kupanda taratibu. Watu walipita njiani wamejifunika, wakatupa jicho chini, wakaona cheupe kinapanda juu ya paa la mzee kama siku zote. "Mzee Kajiru! Umeamkaje? Moshi tumeuona!" Siku hiyo, na siku iliyofuata. Yeye alikuwa kwenye majivu ya baridi, bila maji na bila moto, na walikuwa wanausalimia ukungu.

Ukungu huo huo ndio uliofanya jambo jingine. Unyevu wake uliingia kila mahali, ukaingia na kwenye viberiti. Asubuhi moja Nakiete alikwaruza kijiti kikavunjika, akakwaruza cha pili kikatoa uji mwekundu tu. Akamaliza kisanduku. Akaenda kwa jirani mmoja, naye viberiti vyake vimelowa. Watoto wanalia njaa. Ndipo alipokumbuka gogo la mzee Kajiru. Alitafuta kigae nyuma ya nyumba, akakipangusa matope, akateremka, akavuka mfereji. Alimwambia bibi yangu kwamba njiani alikuwa anaona haya kidogo. Alijiuliza mara ya mwisho kuingia mle ilikuwa lini, asikumbuke.

"Hodi, baba! Hodi humu!"

Ikaja sauti ndogo, kavu. "Nani?"

"Ni mimi Nakiete, baba. Nimekuja kuomba moto. Viberiti vimelowa vyote."

"Karibu," sauti ikasema. "Keti."

Nakiete akasukuma mlango. Ndani palikuwa na baridi kuliko nje. Alimwona mzee amelala jikoni, majivu mikononi na usoni, midomo imepasuka. Kigae kikamponyoka.

"Baba! Umeanguka? Umeanguka lini?"

"Keti kwanza, mama. Moto hauombwi kwa kusimama."

Nakiete alikaa, si kwenye kigoda, alikaa chini kwenye majivu akamshika kichwa. "Mbona moto wako umezimika, baba? Moto wa mama?"

"Nimeuzima mimi."

"Umeuzima? Kwa nini?"

"Ili msione moshi," Kajiru akasema. "Ili mje."

"Lakini moshi tuliuona, baba." Nakiete akampangusa majivu usoni. "Hata jana niliuona. Nilipita nikakusalimu."

"Nilikusikia," mzee akasema. "Niliitikia."

Kwa vipande vipande akamweleza yote haya niliyowaeleza, ngazi na kibuyu na kicheko cha Semboja. Hakumlaumu. Alimwuliza watoto wameamkaje, jinsi alivyozoea kumwuliza akija kuchukua kaa. Nakiete alikimbia mferejini akaleta maji kwenye kibuyu, akamlowesha midomo, akamfunika kwa nguo aliyovaa begani. Kisha akasimama akaite watu, maana peke yake asingeweza kumbeba.

"Usiondoke sasa hivi," mzee akasema. "Umeketi kidogo mno."

"Narudi, baba. Narudi sasa hivi."

Akapanda mbio, akipiga yowe. Semboja alikuja, wakaja na wanaume wengine na kitanda cha kumbebea. Walipoingia walimkuta Kajiru amegeuza uso mlangoni, macho wazi, amekufa.

Wapo waliosema Nakiete angebaki. Wapo waliosema alifanya sawa, asingekwenda angelaumiwa zaidi. Yeye mwenyewe hakuamua mpaka uzee wake. Bibi yangu alisema Nakiete akifika mahali hapo alitazama mikono yake, na ilibidi umngoje.

Walimzika mvua ikinyesha. Kwenye matanga walitaka kuwasha moto ndani ya nyumba yake, moto wa kuwapasha waombolezaji, na hakuna kiberiti kilichoshika. Nyumba ambamo kitongoji kizima kilichukua moto, siku ya msiba wa mwenyewe watu walikaa na baridi. Na juu ya vichwa vyao, darini, ule mkungu wa ndizi ulikuwa umeiva. Harufu yake tamu ilijaa nyumba nzima. Hakuna aliyepanda kuushusha. Ndizi ziliozea kule kule.

Semboja alilia kuliko wote. Alilia huku anajitetea, kama watu walivyo. "Hatukumtupa," alisema. "Jamani, mashahidi mpo. Hakuna siku niliyopita bila kumsalimu rafiki yangu. Asubuhi na jioni! Nani atasema tulimtupa?"

Watu wakatikisa kichwa, ni kweli, ni kweli. Nakiete alikuwa amekaa pembeni, kigae mapajani. Akasema, "Hukumsalimu Kajiru, Semboja. Ulisalimia moshi. Na mimi nilisalimia moshi. Na msalimia moshi humzika mwenye moto."

Aliinuka akatoka na kigae chake kitupu, akapanda njia kwenda kwa watoto wake waliokuwa bado hawajala.

Mnataka niwaambie watu walibadilika? Kwa masika moja hivi waliingia kwa wazee wao, wakaketi, wakauliza miguu. Kisha jua likawaka, viberiti vikakauka. Maneno yakabaki, watu wakayasema vizuri sana, kwenye misiba hasa. Kila kizazi kinayajua, na kila kizazi kinazika.

Haya, Sifaeli. Maharage yamekwisha, sasa tuseme ya jana. Nimesikia ulivyojitetea kwa mjomba wako. Ulisema kila jioni ukipita na pikipiki unaona taa ya bibi inawaka barazani, unapiga honi mara mbili, unajua bibi yuko salama. Honi naisikia, mjukuu wangu, na huwa naitikia. Nakaa humu ndani na kikombe changu cha chai, nasema, "Ahsante, Sifaeli, pita salama," na pikipiki imekwisha kufika kona.

Lakini taa ile ni ya sola. Mlinifungia wenyewe Krismasi, mkaniambia nisihangaike, haina swichi, giza likiingia inajiwasha. Kweli inajiwasha. Iliwaka siku ile nilipokuwa na homa siwezi kunyanyua kichwa, ikawaka kesho yake, na honi nilizisikia jioni zote mbili. Itawaka siku nitakayoanguka, na itaendelea kuwaka baada ya hapo, kila jioni, vizuri kabisa, mpaka mmoja wenu akumbuke kuja kuniomba kitu.

Ndiyo maana mjomba wenu alisema. Msalimia moshi humzika mwenye moto.